Chungu cha Pwani katika Industrial Area: kupika chakula chenye afya bila kupoteza ladha

Ukitembea Industrial Area ya Nairobi unaweza kudhani umerudi nyumbani kwa majina tu. Kuna Barabara ya Likoni, ya Lunga Lunga, ya Changamwe na hata ya Dar es Salaam. Bahari haipo, wala mnazi, lakini watu wa pwani wapo tele. Wengine wamezaliwa Pumwani, mtaa ulioanzishwa mapema miaka ya 1920, ambako Waswahili walijenga na kuweka misikiti kabla mitaa mingi ya Eastlands haijakuwapo. Wengine wamekuja karibuni kutafuta kazi viwandani, wakapanga Makongeni, Mbotela, South B, Kaloleni au Mukuru.

Makala haya ni kwa ajili ya nyumba hizo, na kwa jamaa zao walioko Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu wanaopigiwa simu kuulizwa, "Mama, mchuzi huu nitautia nini huku?" Nazi huku ni ghali na mara nyingi kavu, samaki wa bahari ni wa kubahatisha, na anayepika hufika nyumbani magharibi akiwa amechoka. Basi chungu hubadilika pole pole: tui linatoka, mafuta yanaongezwa, ukwaju unatoka, kidonge cha mchuzi kinaingia, mboga inakuwa sukuma wiki ile ile siku sita. Watoto wanasusa, mwishowe wananunuliwa chipsi.

Hili si jambo dogo. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la damu, presha tunayoiita. Na takwimu za afya za mwaka 2022 zilionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Nyumba moja inaweza kuwa na yote mawili: nyanya mwenye presha na mjukuu asiyekua vizuri, wote wakila sufuria moja.

Rai ya makala haya ni kwamba dawa haiko katika kuacha mapishi ya kwetu na kula vya kuchemsha visivyo na ladha. Mapishi ya pwani yana mbinu za kutia ladha bila chumvi na mafuta mengi kuliko mapishi mengi ya bara: ndimu, ukwaju, embe mbichi, tangawizi, thomu, bizari, pilipili, dania. Tulichosahau ni kuzitumia. Tumebaki na mafuta.

Ladha inatoka wapi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na mtoto chini ya hapo. Hesabu hiyo ni ya chumvi yote: ya mkate, ya chapati, ya njugu za barabarani na ya mchuzi. Kidonge cha mchuzi kwa sehemu kubwa ni chumvi, kwa hiyo anayetia vidonge viwili kisha akaongeza chumvi kwa mkono anatia chumvi mara mbili.

Namna ya kupunguza bila watu kulalamika ni kutia uchachu. Ulimi ukipata ndimu au ukwaju hauulizii chumvi sana. Kwa sufuria ya watu watano, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, tena mwishoni, kisha kamulia ndimu baada ya kuepua. Chumvi ikitiwa mwanzoni huzama ndani ya chakula na mpishi huongeza tena akidhani haijakolea. Punguza kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne. Ukipunguza nusu kwa siku moja utagombana na nyumba nzima.

Bizari nazo zinunue nzima, kidogo kidogo, uzikaange kavu na kuzitwanga mwenyewe. Ya unga iliyokaa dukani mwaka mzima haina harufu, na bizari isiyo na harufu ndiyo inayomfanya mtu atafute kidonge. Bizari nyembamba kijiko kimoja, iliyokaangwa dakika moja tu, inabadilisha sufuria ya pojo kabisa.

Kuhusu mafuta: ya maji ni afadhali kuliko ya kuganda, lakini wingi wenyewe ndio shida kubwa zaidi. Watu wengi wa Eastlands hununua mafuta ya kupimiwa dukani, na hilo linaeleweka kwa mwenye kulipwa kwa siku. Ila ujue kwamba sheria ya Kenya tangu 2012 inataka mafuta ya kula yatiwe vitamini A, na vitamini hiyo huharibika kwa mwanga. Mafuta yaliyokaa juani katika chombo cheupe hayana uhakika. Ukiweza, nunua ya pakiti yenye nembo na uyaweke kabatini. Pima kwa kijiko: vijiko vitatu vikubwa vyatosha kukaanga kitunguu cha mchuzi wa watu watano. Kitunguu kikianza kushika chini, tia maji vijiko viwili, usitie mafuta tena.

Nazi nusu yatosha

Kuna wanaosema nazi ni sumu ya moyo, na kuna wanaosema ni dawa ya kila kitu. Wote wanazidisha. Tui zito lina mafuta zaidi ya gramu 20 katika kila gramu 100, na mengi ni ya aina inayopandisha kolesteroli. Lakini kijiko kimoja kimoja katika sahani si sawa na bakuli. Tatizo ni kupika kila kitu kwa tui zito: wali wa nazi, juu yake maharagwe ya nazi, pembeni samaki wa kupaka.

Kanuni ya kwanza, basi, ni tui katika chakula kimoja tu kwa mlo. Wali ukiwa wa nazi, mchuzi uwe wa ukwaju. Ya pili ni kutenganisha matui kama walivyofanya bibi zetu. Kuna nazi kidogo, kamua tui zito kikombe kimoja, liweke kando. Kamua tena kwa maji ya vuguvugu upate tui jepesi. Pikia kwa jepesi, kisha zito litie dakika tano za mwisho, moto mdogo, bila kufunika. Likiingia mwishoni harufu yake inabaki juu, na nazi nusu itafanya kazi ya nazi nzima. Anayelichemsha tangu mwanzo anachemsha pesa zake.

Hapa kuna maharagwe yanayofaa mtu wa zamu. Chukua maharagwe vikombe viwili, yachague na uyaloweke usiku. Asubuhi mwaga maji yale, tia mengine, uchemshe kwa nguvu nusu saa. Nusu saa hiyo usiipunguze, kwa sababu maharagwe mekundu mabichi yana sumu inayoumiza tumbo, nayo huondoka kwa kuchemka kweli kweli. Kisha funika sufuria ikiwa imejaa na inatokota, uiweke katika kikapu kilichojazwa blanketi kuukuu au nguo, uifunike juu kwa mto. Nenda kazini. Jioni yatakuwa yamelainika bila gesi wala makaa. Yarudishe motoni yatokote tena kabla ya kuendelea, hata kama yanaonekana yameiva.

Kaanga kitunguu kimoja, thomu punje nne, tungule tatu (nyanya, kama waziitavyo huku) na manjano nusu kijiko. Tia maharagwe, tui jepesi, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, na kipande cha boga kilichokatwa vidogo, kadiri ya vikombe viwili. Boga ndiyo siri. Linayeyuka, mchuzi unakuwa mzito na mtamu kana kwamba umetia nazi mbili, na mtoto anapata vitamini A asijue. Malizia kwa tui zito la nazi nusu, chumvi, na ndimu.

Mboga zetu zina majina mengine huku

Mama mboga wa Eastlands ana mboga nyingi za pwani, ila anaziita kwa majina ya bara. Mnavu huku ni managu. Mgagani ni saga. Mchicha utausikia ukiitwa terere. Mlenda ni mrenda, na majani ya kunde ni kunde vile vile. Kwa hiyo hakuna sababu ya sukuma wiki siku sita. Sukuma si mbaya, ila mboga hizi za kienyeji zina madini ya chuma na kalisi kwa wingi, na zina ladha yake.

Watoto hukataa mnavu kwa uchungu wake. Changanya mnavu sehemu moja na mchicha au kunde sehemu mbili, chemsha kidogo kwa maji machache, kisha umalizie kwa kitunguu, tungule na vijiko viwili vya tui. Usichemshe nusu saa ukamwaga maji. Umemwaga vitamini na umebakiza nyuzi. Kisamvu ni mbali na hizi: hicho lazima kitwangwe na kichemshwe vizuri, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu. Aliyezoea kukinunua kimetwangwa Kongowea asijaribu kukipika kama mchicha.

Karoti, boga na majani ya kijani yanahitaji mafuta kidogo ili mwili upate vitamini A iliyomo. Madini ya chuma ya mboga na maharagwe nayo hufyonzwa vizuri zaidi yakiliwa na kitu kichachu chenye vitamini C: ndimu, chungwa, kachumbari ya tungule mbichi. Chai hufanya kinyume. Kikombe cha chai juu ya chakula kinazuia chuma kuingia mwilini, na kwa mwanamke mjamzito au msichana aliyevunja ungo hiyo ni hasara ya kweli. Chai ingoje saa moja. Najua ni vigumu kumwambia Mswahili hivyo.

Jambo moja la Industrial Area lenyewe. Mto Ngong unapita kati ya viwanda na Mukuru, na kando yake hulimwa sukuma na mchicha kwa maji yale yale. Watafiti wamekuta madini kama risasi na kadimiamu katika mboga zilizolimwa kando ya mito ya Nairobi. Kuosha kunaondoa uchafu na vijidudu, lakini hakuondoi kilichoingia kupitia mizizi. Muulize mama mboga mzigo wake umetoka wapi. Muuzaji wa kudumu atakwambia, kwa sababu anataka urudi. Zilizoshushwa Marikiti kutoka mashambani, ingawa zimenyauka kidogo, ni bora kuliko zilizokatwa leo asubuhi kando ya mto. Wenye nafasi ya gunia la kupandia mlangoni na wapande, lakini udongo wasiuchote ukingoni mwa mto.

Samaki bila bahari

Gikomba kuna soko la samaki, na wengi wao wanatoka Ziwa Victoria. Mbuta na ngege hupikika kwa mapishi yetu bila taabu. Ukiwapaka ndimu, thomu na tangawizi nusu saa kabla, harufu ya ziwa inapungua. Lakini anayestahili heshima zaidi ni dagaa, omena kwa jina la huku. Ni rahisi, hana haja ya friji, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake anampa mtoto kalisi ambayo minofu ya samaki mkubwa haina.

Watu wa pwani humdharau kwa sababu wamempika vibaya. Mwoshe kwa maji ya moto mara tatu hadi mchanga uishe, umkaange kikavu katika sufuria bila mafuta mpaka akauke na aanze kunukia, kisha umweke kando. Tengeneza mchuzi wa kitunguu, thomu, tungule nne, pilipili na ukwaju uliolowekwa na kuchujwa, kadiri ya nusu kikombe. Mchuzi ukishaiva ndipo umtie dagaa, dakika kumi tu. Akikaa sana anakuwa mchungu na anavunjika. Hapa hutii tui kabisa, wala huhitaji chumvi zaidi ya nusu kijiko. Kwa mtoto anayeanza kula, msage dagaa aliyekaangwa kavu hadi awe unga, umtilie kijiko kimoja katika uji au viazi.

Nyama, kwa nyumba nyingi, si ya kila siku, na haina haja ya kuwa hivyo. Soko la Burma, Barabara ya Jogoo, wanauza mifupa yenye nyama kidogo. Nusu kilo ikichemshwa na pojo au kunde inatia ladha sufuria nzima.

Sima, wali na unga

Sheria hiyo hiyo ya 2012 inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti utiwe madini ya chuma, zinki na vitamini kadhaa. Unga wa kusagisha kinuni hauna nyongeza hizo, ila ukisaga mahindi bila kukoboa unabaki na nyuzi na vitamini zake za asili. Kila mmoja una faida yake. Hatari ya mahindi ya kununua kwa mkebe ni sumu ya kuvu, aflatoksini, ambayo haionekani kila mara wala haiishi kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika sehemu za Makueni na Kitui na jirani zake. Chagua punje moja moja kabla ya kusaga. Iliyobadilika rangi, iliyopasuka au iliyonyauka itupe, usimpe hata kuku.

Sima ya unga mweupe ukiichanganya na wimbi au mtama, sehemu tatu kwa moja, inashibisha zaidi. Ianze kidogo wasije wakashtuka kwa rangi. Mwenye kisukari hahitaji sima yake peke yake; anahitaji kipimo. Robo ya sahani iwe sima au wali, robo maharagwe, samaki au nyama, na nusu iwe mboga. Wengi wetu tunafanya kinyume: nusu na zaidi ni wali, mboga ni ya kupamba.

Kwa siku ya uchovu kabisa hakuna kinachoshinda mseto. Pojo, ndengu kwa jina la huku, haihitaji kulowekwa usiku. Chemsha kikombe kimoja hadi ikaribie kuiva, tia mchele vikombe viwili, thomu, bizari nyembamba, tui jepesi na maji, ufunike hadi ukauke. Nafaka na kunde zikiliwa pamoja hukamilishana, kwa kuwa kinachopungua katika protini ya mchele kimo ndani ya pojo. Ukiwa na kachumbari na embe mbichi kando, mlo umekamilika, tena kwa sufuria moja. Githeri ya huku inafuata hekima ile ile, na ikitiwa tui jepesi na dania hata mtu wa Lamu ataila.

Mtoto wa shule na kikombe cha chai

Tangu 2023 Kaunti ya Nairobi ina mpango wa chakula cha mchana katika shule za umma, mzazi akilipa shilingi 5 kwa mlo. Kwa kawaida ni wali na maharagwe au pojo. Kama mwanao yumo, jua kwamba wanga na kunde amekwisha pata mchana. Jioni usimrudishie wali na maharagwe. Mpe mboga, dagaa au yai, na tunda. Ndizi mbivu, paipai na maembe ya msimu yanatosha, na kipande cha tunda ni bora kuliko juisi yake.

Asubuhi mahamri ni yetu na hatuyaachi. Lakini ni ya Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine viazi vitamu, muhogo wa kuchemsha, au mbaazi zilizobaki jana vinamfikisha mtoto mchana bila njaa. Sukari iangaliwe kwenye chai: vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni karibu gramu 36. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa mtu mzima, na mpaka wa mwisho ni kama 50. Soda moja ya mililita 300 ina takriban 30 peke yake. Iliki na tangawizi zikizidishwa kidogo, kijiko kimoja cha sukari hakionekani kimekwenda wapi.

Mwisho ni kuhifadhi, kwa kuwa nyumba nyingi hazina friji na zilizo nayo hukatikiwa na umeme. Chakula cha tui huchacha upesi. Maharagwe ukiyapika ya siku mbili, gawa kabla ya kutia tui: ya leo yatie, ya kesho yabaki makavu na chumvi yake, yamefunikwa mahali penye baridi, na yatokote tena asubuhi na kabla ya kuliwa. Wali wa nazi usilale. Pika wa kumalizika usiku ule ule, na kama umebaki, jirani mlango wa pili ana watoto.